Mtoto wa Raskazone, Tanga, asiyejua kufua hata soksi

Dada, umeuliza uanzie wapi kumfundisha kazi za nyumbani kijana wa miaka 12 aliyekulia nyuma ya geti. Mpe kazi moja nzima, si kusaidia-saidia. Jumamosi afue sare zake: nyeupe peke yake, aloweke nusu saa, asugue kola na makwapa kwanza, asuuze maji mawili. Kinachoharibu mambo ni msichana wa kazi kuzifua tena kwa siri. Mwonye dada huyo mapema asiziguse, hata kola ikibaki na weusi.

Kisha soko la Mgandini: nyanya, vitunguu, nazi. Mara ya kwanza mfuatane, ila bei aulize yeye, na chenji aihesabu palepale. Posho usiifungamanishe na kazi hizi, atakudai hata kwa kuosha sahani yake.