Kunde zinanimalizia mkaa

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina mtoto wa miaka mitatu. Nyama siimudu kila siku, kwa hiyo tunakula kunde mara mbili tatu kwa wiki. Shida ni kwamba hazilainiki upesi, mkaa unakwisha. Jirani kanishauri nitie magadi. Baba watoto analalamika tumbo kujaa gesi, na mtoto anazitema. Niziache?
Mama wa mmoja, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiziache hata kidogo! Mimi nimelelewa Pangani kwa kunde za nazi, na bibi yangu hakutia magadi hata siku moja. Magadi hulainisha kweli, lakini huharibu vitamini B1, na kunde zina vitamini hiyo kwa wingi. Unaokoa mkaa, unapoteza chakula.

Ziloweke usiku. Asubuhi mwaga maji yale, suuza, injika kwa maji mapya. Sehemu ya sukari inayochacha utumboni na kuleta gesi huondoka na maji uliyomwaga, kwa hiyo baba watoto naye atapata nafuu. Zikiwa za msimu huu, saa moja jikoni huwa nyingi. Zilizokaa ghalani miaka huwa sugu, basi muulize muuzaji, na zenye vitobo usinunue, zimeshaliwa na wadudu. Nyanya zisubiri kunde ziive, maana uchachu huzizuia kulainika. Kisha tui jepesi, na tui zito mwisho kabisa huku unakoroga lisikatike.

Gramu 100 za kunde kavu zina protini gramu 23 hivi. Ukizila na ugali au wali, kinachopungua kwenye kunde kinajazwa na nafaka.

Linaloniuma ni chai. Nyumba nyingi naona mtoto anakula kunde huku kikombe cha chai kiko pembeni. Madini ya chuma ya kunde mwili huyapata kwa shida, na chai huyazuia zaidi. Mpe maji na kipande cha chungwa, au kamulia ndimu kwenye sahani yake. Chai ije baada ya saa moja au mbili.

Huyo anayezitema, mpikie bajia. Kunde zilizolowekwa zifikiche maganda yatoke, saga kwa maji machache mno, tia kitunguu, chumvi na giligilani. Pilipili iweke kwenye fungu lenu wakubwa. Halafu upige ule unga kwa mkono mpaka uwe mwepesi. Dondoshea tone kwenye bilauri ya maji: likizama, endelea kupiga, likielea, weka mafuta jikoni. Mtengenezee ndogondogo zinazoenea kiganjani mwake, zikipoa mwache ashike mwenyewe.