Kusoma famakolojia ukiwa Nyanda za Juu Kusini: majibu ya barua zenu

Tangu nilipowaalika mniulize kuhusu kusomea dawa baada ya digrii ya kwanza, barua zimekuja kutoka Iringa hadi Songea. Nimechagua tano na kuzifupisha.

"Habari za kazi, mwalimu. Binti yangu kamaliza Mkwawa, ualimu wa kemia na baiolojia. Sasa anataka masta ya famakolojia. Baba yake anauliza: si ataishia kufungua duka la dawa? Kwa nini asisomee ufamasia moja kwa moja?" (Mama wa Kihesa, Iringa)

Shikamoo mama, na mzee umfikishie salamu. Wasiwasi wake nauelewa, maana kwetu neno "dawa" linaleta picha ya kaunta na kabati la vioo. Mfamasia anahakikisha dawa ni sahihi, ni salama na imemfikia mgonjwa ipasavyo. Mwanafamakolojia anaifuata ikishamezwa: inaingiaje damuni, ini linaifanya nini, figo zinaitoa baada ya muda gani, na kwa nini kidonge kilekile kimemponya huyu kikamsumbua yule.

Nikupe mfano wa jirani. Kwa miongo mingi wagonjwa wa kifua kikuu wamepewa rifampicin, moja ya dawa kuu za ugonjwa huo, kama miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito. Kiwango hicho kilichaguliwa zamani, dawa ikiwa ghali na madhara yake yakihofiwa. Baadaye watafiti wakauliza: tukipandisha je? Kituo cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) cha Mbeya kilikuwa miongoni mwa vituo vya Tanzania na Afrika Kusini vilivyoshiriki jaribio la wagonjwa 365, matokeo yakachapishwa 2017. Katika kundi lililopewa miligramu 35 kwa kilo pamoja na dawa nyingine za kawaida, nusu ya wagonjwa makohozi yao yaliacha kuotesha vimelea maabara kufikia siku ya 48. Kwa dozi ya kawaida ilikuwa siku ya 62. Kwa mtu wa kilo 50 hiyo ni miligramu 1,750 badala ya 500. (Asitokee mgonjwa akajiongezea vidonge nyumbani. Lile lilikuwa jaribio, na washiriki walifuatiliwa kwa karibu na madaktari.)

Maswali ya namna hiyo yakimkosesha binti usingizi, basi amepata njia yake. Ila ajue mambo mawili. Masta ya famakolojia haitampa leseni ya kuuza dawa, kwa sababu Baraza la Famasi husajili waliosomea famasia. Pili, programu za famakolojia ya kitabibu mara nyingi huchukua madaktari na wafamasia, wakati zile za famakolojia ya msingi huwafungulia mlango watu wa baiolojia na kemia. Kabla ya kulipa ada ya maombi, aiandikie idara yenyewe na kuwaeleza alichosoma. Na aanze sasa kusoma fiziolojia, maana hapo ndipo wanaotoka kwenye kemia wanapokwama.

"Kaka, mimi ni mfamasia wa hospitali ya wilaya, mwaka wa tatu kazini. GPA yangu ni 3.1. Nimeomba masta nje mara mbili, nimekataliwa zote. Niache?" (Rungwe)

Usiache, mdogo wangu. Umeniambatishia barua yako ya maombi, nami nimeisoma mara mbili. Inasema tangu utotoni ulitamani kuisaidia jamii, na kwamba chuo hicho kina sifa duniani. Barua yangu ya kwanza ilikuwa hivyohivyo, ikakataliwa. Aliyeninyoosha ni mwalimu mmoja aliyeniambia nifute yote, niandike habari za mgonjwa mmoja tu.

Wewe wagonjwa unao. Unamhudumia mtu mwenye VVU na kifua kikuu kwa pamoja. Mwenzake mwenye VVU peke yake anameza dawa ya VVU iitwayo dolutegravir, miligramu 50, mara moja kwa siku, yeye anaimeza asubuhi na jioni. Sababu unaijua: rifampicin inachochea vimeng'enya vya ini (vile vinavyovunja dawa), dolutegravir inavunjwa upesi, na kiwango chake damuni kinashuka. Unajua pia kwamba rifampicin ikisimama vimeng'enya havitulii siku hiyohiyo, ndiyo maana dozi ya pili huendelezwa kama wiki 2 zaidi. Hiyo ni famakolojia, na umekuwa ukiitenda dirishani kila kliniki. Sasa andika kile ambacho kitabu hakikukuambia. Yule mama anayechuma chai tangu alfajiri, dozi ya asubuhi anaimeza saa ngapi? Ile ya jioni husahaulika mara ngapi? Nani anamkumbusha kurudi kwenye dozi moja? Msomaji wa maombi aliyeko Liverpool au Cape Town hawezi kuyajua hayo, na atasimama kwenye ukurasa wako. Ila usichukue takwimu za mafaili bila kibali cha hospitali na cha kamati ya maadili, hata kama nia ni njema.

GPA haibadiliki, lakini unaweza kuiwekea kitu kizito pembeni. Jifunze R, programu ya takwimu isiyolipiwa. Ukiweza kuchora mwenyewe mstari wa dawa ikipanda na kushuka damuni, na ukaeleza kwa nini umepinda pale ulipopinda, umewapita wengi wenye alama za juu. Barua za mapendekezo ziombe wiki 6 kabla, kwa mtu anayekufahamu kweli. Mfamasia mkuu aliyekuona ukifanya kazi ana thamani kuliko profesa anayelikumbuka jina lako kwa kuchungulia orodha. Kuhusu ufadhili, tazama ule wa Jumuiya ya Madola kwa Uingereza, na ule wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi wa kigeni. Programu za DAAD zinazohusu maendeleo hudai angalau miaka 2 ya kazi, na wewe umeshaipita.

"Nina cheti, nimeuza duka la dawa muhimu miaka sita. Naweza kwenda masta moja kwa moja?" (Songea)

Hapana, dada. Ni diploma ya famasia, kisha digrii, kisha masta. Ni safari ndefu na sitaifupisha kwa maneno matamu. Lakini maduka ya dawa muhimu yalianzia mkoani kwako Ruvuma mwaka 2003, na miaka sita ya kumkatalia mteja anayetaka vidonge vinne vya antibayotiki kwa sababu hela haitoshi ni elimu ambayo wenzako darasani hawatakuwa nayo. Anza na chuo, fomu za mwaka huu.

"Niko mwaka wa nne famasia Muhimbili, kwetu Mbalizi. Nasikia Marekani unaingia PhD bila masta. Ni kweli? Na nikirudi Mbeya nitafanya kazi wapi?"

Ni kweli. Programu nyingi za PhD za sayansi ya tiba kule huchukua mwenye digrii ya kwanza, humlipia ada na kumpa posho ya kujikimu, na huchukua miaka 5 au 6. Maombi mengi hufungwa Desemba. Ada ya maombi mara nyingi husamehewa ukiomba mapema kwa barua pepe, kwa hiyo usione haya. Uingereza masta ni mwaka mmoja, PhD miaka 3 hadi 4, lakini mara nyingi ufadhili lazima uutafute mwenyewe. Nakuomba jambo moja: maliza kwanza mwaka wa intaniship na usajiliwe na Baraza. Nimeona vijana walioondoka kabla, wakarudi na shahada kubwa lakini hawaruhusiwi kusimama dirishani.

Kazi Mbeya zipo, ila ni chache na nyingi za utafiti ni za mkataba. Kuna NIMR, kuna hospitali ya rufaa ya kanda, kuna kampasi ya afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inayofundisha madaktari, na kuna ofisi ya kanda ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Hii ya mwisho vijana huisahau. Usalama wa dawa ni fani kamili: mtu anakusanya fomu za njano za madhara ya dawa, anazisoma kwa jicho la famakolojia na kuamua kama upele wa wagonjwa watatu wa Chunya unatokana na dawa moja. Jaza fomu hizo ukiwa intani, ujifunze kuzijaza vizuri.

"Bibi yangu Mufindi ana mzizi wa tumbo unaosaidia kweli. Nina digrii ya baiolojia. Nataka nitoe dawa iliyomo ndani." (Mafinga)

Kijana, umekaa jirani na darasa lako. Kiwanda cha hapo Mafinga kinakamua pareto. Sumu ya ua lile huishikilia wazi milango midogo inayopitisha sodiamu kwenye neva za mdudu, neva zinafyatuka bila kupumzika hadi mdudu anapooza. Sisi tuna joto kubwa zaidi mwilini na ini linaloivunja upesi, ndiyo maana tunalala salama ndani ya vyandarua vilivyotiwa dawa za ukoo huohuo. Kisha mbu wengine wakabadilika kwenye mlango uleule, dawa ikapungua makali. Mzizi wa bibi utaulizwa maswali hayohayo: unashika wapi, kwa dozi gani, unamdhuru nani, na utafanya kazi hadi lini.

Kabla ya maabara, kausha mmea mzima wenye maua upate kutambuliwa kwa jina la kisayansi, na uandike jina lake la Kihehe, msimu wa kuchimba na jinsi bibi anavyouchemsha. Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili ndiyo mlango wa kugonga. Usiwajaribie majirani. Na kabla ya yote kaa na bibi jikoni umwambie unachotaka kufanya, ukiuliza kama anakubali na jina lake liandikwe vipi. Akikataa, mzizi ubaki wake.