Ukimchorea mtu sura yake kwa rangi moja ya maji

Wadogo zangu mnaoanza kuchora sura za watu ili kuwapa zawadi, nawapenda, lakini shavu lilelile lililoharibika nimeshaliona mara nyingi mno.

1. Picha. Kataeni iliyopigwa kwa flashi ya mbele. Inafuta vivuli, na ukitumia rangi moja huna kingine cha kuegemea. Tafuteni yenye mwanga wa pembeni, igeuzeni iwe nyeusi na nyeupe kwenye simu, kisha finyeni macho hadi mbaki na ngazi nne au tano za giza.

2. Rangi ikiwa mbichi, toeni mkono! Hapa ndipo zawadi nyingi zinapofia. Penseli imekaa sawa, karatasi ni ya pamba ya gramu 300 kwa mita mraba, sepia (kahawia iliyokolea) imekorogwa vizuri, kivuli cha shavu kimetulia. Maji yanaanza kupoteza mng'ao. Basi mtu anatazama picha, anaona panahitaji giza kidogo, anachovya brashi na kugusa. Brashi ina maji kuliko karatasi, kwa hiyo maji yale yanazisukuma chembe za rangi pembeni, zinakauka zikiwa na ukingo wa mawimbi kama koliflawa. Niliketi na binti mmoja aliyekuwa akimchorea bibi yake. Macho yalishatoka, bibi alikuwa anatutazama kabisa. Nikamwambia asubiri. Akasema anaongeza kidogo tu. Doa likachanua toka chini ya jicho hadi kwenye taya, naye kwa hofu akaanza kusugua, karatasi ikanyonyoka. Angeliacha likauke, tungelilainisha kwa brashi yenye unyevu na kulifyonza kwa tishu. Lisingeisha, lakini lingefifia.

Jueni kwamba rangi ya maji hupauka ikikauka. Pakeni giza kuliko mnavyodhani inatosha, halafu inukeni kitini. Kabla ya mpako wa pili, gusisheni mgongo wa vidole kwenye karatasi: ikiwa ya baridi, bado ina maji.

3. Weupe wa jicho si mweupe. Kope ya juu inautia kivuli, na meno nayo yamo kivulini mwa mdomo. Karatasi tupu ibakizeni kwa nukta ya mwanga machoni, na pengine ncha ya pua. Mkiacha jicho zima jeupe, mpendwa wenu ataonekana ameshtuka.

4. Chagueni rangi inayoweza kufika gizani: sepia, indigo (buluu iliyokolea), kijivu cha Payne (kijivu kizito chenye ubuluu). Njano ya udongo ni nzuri, ila haitawapa giza la mboni hata mkirundika mipako. Na kwa kuwa zawadi itatundikwa ukutani miaka mingi, someni kwenye tyubu kama rangi inastahimili mwanga.

Kwenye fremu, wekeni pasipatu, yaani kadibodi iliyokatwa dirisha katikati, ili karatasi isigusane na kioo. Unyevu ukinaswa hapo, karatasi huota ukungu.