Maswali ya Wasomaji: Kuvu Zinazoota Juu ya Wadudu

SWALI: Mimi ni mwalimu wa baiolojia wilayani Muheza. Mwezi Mei, mvua za masika zilipokuwa zikipungua, wanafunzi wangu walimkuta sisimizi mkubwa mweusi katika shamba la iliki la mzazi mmoja. Alikuwa amekufa akiwa ameng'ata mshipa wa jani upande wa chini, na nyuma ya kichwa chake kulikuwa kumeota kitu chembamba, kigumu, mfano wa unywele wa farasi. Walimng'oa, tukamtia katika kopo la plastiki lenye kifuniko. Siku ya nne tulipofungua tulikuta uvundo na ukungu wa kijani. Mdudu huyu alipatwa na nini, na kielelezo cha namna hii hutunzwaje?

JIBU: Mwalimu, maelezo yako yanalingana na kuvu za jenasi ya Ophiocordyceps, ambazo hushambulia sisimizi wakubwa wa jenasi ya Camponotus na jamaa zao katika misitu ya nchi za joto. Spora, yaani vijimbegu vya kuvu, hunasa juu ya gamba la mdudu, zikalitoboa na kukua ndani ya mwili wake. Sisimizi aliyeambukizwa huziacha njia za wenzake, akaenda kwenye mche au tawi la chini, akauma jani kwa nguvu zake za mwisho na kufia hapo, taya zikiwa zimefungwa. Baada ya muda bua hujitokeza nyuma ya kichwa, likakomaa na kumwaga spora kwenye ardhi wanakopita sisimizi wengine.

Kopo mnalolilaumu lina hatia yake, lakini hasara ya kwanza ilitokea shambani, pale sisimizi alipong'olewa na jani likaachwa. Jani lile ni sehemu ya kielelezo. Taya huacha jozi ya makovu pande mbili za mshipa, na alama hizo hudumu kuliko mdudu mwenyewe: mwaka 2010 wanasayansi walieleza jani lililogeuka kisukuku kutoka machimbo ya Messel nchini Ujerumani, lenye umri wa takriban miaka milioni 48, likiwa na makovu ya namna hiyohiyo. Sisimizi hayupo na kuvu haipo, ila ushahidi umebaki. Kwa hiyo kateni jani zima kwa mkasi, mdudu akiwa bado ameling'ata, na msijaribu kumbandua hata kidogo.

Jambo la pili, ambalo wakusanyaji wengi wa uyoga hulisahau kwa kuwa macho yao yamezoea kutazama kofia na bua, ni kwamba kuvu bila mdudu wake ni nusu ya rekodi. Kwa muda mrefu kuvu hizi za sisimizi ziliwekwa chini ya jina moja, Ophiocordyceps unilateralis. Mwaka 2011 watafiti waliofanya kazi katika jimbo la Minas Gerais, Brazili, walieleza spishi nne mpya zilizokuwa zimejificha ndani ya jina hilo, kila moja ikiwa na spishi yake ya sisimizi. Aliyekusanya bua peke yake na kumtupa mdudu alikuwa amejinyima kitambulisho muhimu kuliko vyote. Kwa hiyo pigeni picha ya kichwa, ya miguu na ya mgongo kabla kuvu haijavifunika, na kama kuna sisimizi wazima wa aina hiyohiyo karibu, chukueni wawili au watatu katika kichupa cha spiriti, chenye namba ileile ya kielelezo.

Sasa kuhusu kopo. Plastiki iliyofungwa hushikilia unyevu, na unyevu hualika ukungu wa kawaida unaokula kila kitu, kuvu yenyewe ikiwemo. Tumieni bahasha ya karatasi au kiberiti kitupu kilichotandikwa karatasi laini. Kikaushieni kielelezo kivulini penye hewa, au mahali penye joto lisilozidi nyuzi 40 za Selsiasi, kisha kihifadhini katika chombo kikavu pamoja na vile vipakiti vya punje vinavyowekwa ndani ya maboksi ya viatu vipya. Kuvu nyingine za wadudu huota juu ya wadudu waliozikwa; mkikuta bua la namna hiyo limetokeza ardhini, msilivute, kwa maana litakatika na kiwavi au buu aliyezikwa chini yake atapotea. Chimbeni pembeni kwa kisu na mlifuate taratibu hadi mlikute shina lake.

Kadi ya sisimizi wenu ingeweza kusomeka hivi: "Na. 1. Mei, tarehe na mwaka. Muheza, shamba la iliki chini ya miti mikubwa. Viwianishi vya GPS na mwinuko. Sisimizi mweusi, ameng'ata mshipa mkuu wa jani upande wa chini. Mche wa aina gani. Sm kadhaa kutoka ardhini, zilizopimwa. Bua moja nyuma ya kichwa. Wengine wanne waliokufa wameonekana ndani ya hatua kumi, hawakuchukuliwa." Andikeni palepale shambani, kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka mvua inapoanza. Urefu kutoka ardhini upimeni kwa rula; makadirio ya macho, kwa uzoefu wangu, hubadilika kila mtu anapoyasimulia upya.

Katika shamba la mzazi, ruhusa yake inatosha kwa zoezi la darasani. Ndani ya msitu wa hifadhi lazima mpate kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu kabla ya kuchukua chochote, na hadi mtakapokipata, picha nzuri yenye rula pembeni ni rekodi kamili.

SWALI: Nyumbani kwangu Njombe, msimu wa baridi, nzi hufa wakiwa wamejibandika kwenye kioo cha dirisha, mabawa juu, na kioo kinachowazunguka huwa na vumbi jeupe. Je, ni dawa ya majirani?

JIBU: Dawa haimwachi nzi katika mkao huo. Dalili ulizozitaja ni za Entomophthora muscae, kuvu iliyoelezwa na mtaalamu wa mimea Mjerumani, Ferdinand Cohn, mwaka 1855. Nzi mgonjwa hupanda juu wakati wa jioni, akajigandisha kwa mrija wake wa mdomo, akainua mabawa na kufa. Usiku kuvu hupenya kati ya pingili za tumbo, ambalo huonekana lina mistari myeupe, na kurusha spora zake pande zote. Vumbi uliloliona ndizo spora zenyewe.

Bandika karatasi nyeusi nyuma ya kioo upige picha ya duara hilo. Ukimpata aliyekufa jioni hiyohiyo, weka kipande safi cha kioo chini ya tumbo lake hadi asubuhi. Hapo utakuwa na spora zilizo tayari kwa hadubini. Andika saa uliyomwona akipanda na saa uliyomkuta amekufa, kwani kwa kuvu hii saa ina uzito kuliko mahali.

SWALI: Mimi ni mkulima bonde la Rukwa. Nimekuta panzi waliokufa, wekundu, na wawili wana unga wa kijani. Nifanye nini?

JIBU: Unga wa kijani hutiliwa shaka kuwa Metarhizium, jenasi ya kuvu ambamo imo ile iliyotengenezewa dawa ya Green Muscle, ambayo mwaka 2009 ilinyunyizwa dhidi ya nzige wekundu katika maeneo ya Iku-Katavi, Ziwa Rukwa na Malagarasi. Hata hivyo ukungu wa kawaida nao huota juu ya mzoga wowote, kwa hiyo wajaribu wale ambao bado hawana unga. Waoshe kwa maji yaliyotiwa dawa kidogo ya kung'arishia nguo nyeupe, wasuuze, kisha waweke juu ya karatasi ya chooni yenye unyevu ndani ya bakuli safi lililofunikwa. Kuvu iliyomuua panzi kutoka ndani itajitokeza kwenye maungio ya miguu na pingili baada ya siku chache, kwanza nyeupe, halafu kijani. Usiinuse, na unawe mikono.

Pia hesabu panzi wote uliowakagua, wazima pamoja na wafu. "Wawili wenye unga kati ya sitini" ni taarifa ambayo afisa ugani anaweza kuifanyia kazi.