Replika ya MySQL kubaki nyuma mzigo ukipanda

Mkuu, umeuliza kama kuongeza RAM kwenye replika (seva ya pili inayonakili data ya seva kuu ya hifadhidata) kutaifanya iache kubaki nyuma saa za mzigo mkubwa. Mara nyingi hapana. Seva kuu inaandika kupitia miunganisho mamia kwa wakati mmoja, lakini replika inayarudia yote hayo kwa thredi (mikondo ya kazi) chache. Kabla ya toleo 8.0.27, usipobadilisha kitu, ni thredi moja tu. CPU moja inatoka jasho, zingine zimelala.

Kwanza tafuta majedwali yasiyo na ufunguo msingi (primary key, safu inayotambulisha kila rekodi). Mchawi mara nyingi yuko hapo. Binlogi (kumbukumbu ya mabadiliko ambayo replika inaisoma kutoka seva kuu) ikiwa ya ROW, yaani inaandika kila rekodi iliyobadilika, DELETE moja inayogusa rekodi 10,000 inafika replika ikiwa mabadiliko 10,000, na bila ufunguo wala indeksi yoyote replika inalipekua jedwali zima, tena na tena. Kazi ya sekunde kwenye seva kuu inaweza kula saa nzima huku. Weka ufunguo, halafu washa `sql_require_primary_key` (ipo tangu 8.0.13) asije mtu akaunda jingine la aina hiyo.

Miamala mikubwa nayo ivunje. Muamala hauingii kwenye binlogi mpaka COMMIT (amri ya kuukamilisha), kwa hiyo UPDATE ya dakika 10 inaanza kutekelezwa replika ikiwa tayari imechelewa dakika 10. Futa kwa mafungu: `ORDER BY id LIMIT 2000`, COMMIT, angalia replika imefika wapi, endelea.

Ndipo upandishe `replica_parallel_workers` (idadi ya thredi za replika) hadi 8, ukipima 16 baadaye, na uache `replica_preserve_commit_order` (inayolinda mpangilio wa miamala) ikiwa ON. Kwenye 8.0, seva kuu iwekee `binlog_transaction_dependency_tracking=WRITESET`, ili miamala isiyogusa rekodi zilezile irudiwe kwa pamoja; 8.4 inafanya hivyo yenyewe. WRITESET nayo haisaidii jedwali lisilo na ufunguo, ndiyo maana nimeanzia kule.

Usiiamini sana `Seconds_Behind_Source`, kipimo cha MySQL cha sekunde ambazo replika imechelewa. Mtandao ukiwa mzito, replika ikamaliza kila ilichopokea, inasoma 0 wakati data bado iko njiani. Tumia programu ya pt-heartbeat: inaandika saa kwenye seva kuu kila sekunde, wewe unaisoma upande wa replika.

Kuna wanaoshauri `sync_binlog=0` na `innodb_flush_log_at_trx_commit=2`, yaani seva isisubiri diski kila muamala ukikamilika. Inapunguza kweli mzigo wa diski, ila umeme ukikatika miamala ya mwisho inaweza kupotea. Kwa replika ya kusomea ripoti, ambayo unaweza kuijenga upya, sawa. Ile inayosubiri kuchukua nafasi ya seva kuu, zote mbili ziache kwenye 1.