Manukato ya miti kwa wanaume: majibu kwa wasomaji wa Lubumbashi

SWALI: Nimepewa usimamizi wa ofisi. Manukato ninayotumia yana vanila nyingi, na wenzangu wananitania kwamba nanukia keki. Nataka harufu ya miti, ya mtu mzima asiyejitangaza. Nianzie wapi? (Msomaji wa Kamalondo)

JIBU: Papa, miti ni ukoo mkubwa na kila mmoja una tabia yake. Mwerezi ni mkavu, una harufu ya penseli iliyochongwa sasa hivi. Aliyeupaka huonekana msafi, mtu wa utaratibu. Msandali ni laini, una umaziwa kidogo, unamfaa anayesikiliza watu kwa subira. Udi hujaza chumba kizima. Uweke kwa ajili ya harusi. Kwenye mkutano wa asubuhi ni kelele.

Kwa maelezo yako, unachotafuta ni vetiva. Si mti hata kidogo, ni mizizi ya nyasi, na sehemu kubwa hulimwa Haiti, lakini kwa ukavu wake wa udongo na moshi imehesabiwa katika ukoo huo. Katika manukato yenyewe, Vétiver ya kampuni ya Guerlain, ya mwaka 1959, ina ukijani na tumbaku kidogo: mzee wa shati lililopigwa pasi, asiyepaza sauti. Terre d'Hermès, iliyotungwa na fundi wa manukato Jean-Claude Ellena mwaka 2006, huanza na chungwa, kisha hukauka ikabaki vetiva na harufu ya jiwe. Huyo ni mtu wa kazi za mikono aliyeingia ofisini. Encre Noire ya Lalique ina giza zaidi. Ni nzuri, ila kwa mtu anayeongoza watu tungeiacha kwanza, maana inaweza kuwafanya wamwone amejifungia.

Usinunue kwa kunusa karatasi dukani. Pulizia mara moja kwenye mkono, na nyingine moja tu kwenye mkono wa pili, halafu ondoka. Dakika 15 za mwanzo utanusa malimau na pilipili, kwa sababu chembe zake ni nyepesi na huruka upesi. Miti ina chembe nzito, hujitokeza vizuri baada ya nusu saa na zaidi. Hukumu baada ya saa tatu. Wengi wanaojuta walilipia zile dakika 15.

SWALI: Yangu ya mwerezi inapotea ndani ya saa moja. Naongeza tena na tena, lakini kwenye taksi watu wanafungua madirisha! (Msomaji wa Katuba)

JIBU: Wanaofungua madirisha wamekujibu, ndugu: haijapotea, pua yako ndiyo imeizoea. Manukato mengi ya miti ya siku hizi yana kemikali iitwayo Iso E Super, ambayo baadhi ya watu huacha kabisa kuisikia huku walio karibu wakiisikia vizuri. Kabla ya kuongeza, muulize mwenzako.

Kuna sababu ya kweli pia. Mwezi wa sita na wa saba hewa yetu ni kavu na asubuhi ni baridi. Ngozi kavu haishiki mafuta ya manukato, na baridi huyazuia kupanda. Ukitoka kuoga, paka losheni isiyo na harufu au vazelini kidogo, subiri kidogo, ndipo upulizie kwa umbali wa sentimita 15 hivi: mara 3 kwa eau de toilette (iliyo nyepesi), mara 2 kwa eau de parfum (iliyo kali zaidi), kifuani na nyuma ya shingo. Usisugue. Joto la mwezi wa kumi, kabla ya mvua, hutawanya harufu zaidi, basi punguza pulizo moja. Shati jeupe liache: manukato yenye rangi ya kahawia huacha doa.

SWALI: Nataka kumnunulia mume wangu manukato kwenye soko la Kenya, hapa Lubumbashi. Nitajuaje kama si bandia? (Mama wa Kampemba)

JIBU: Mama, geuza chupa. Namba ndogo iliyo chini yake inapaswa kufanana na iliyo chini ya boksi, zikitofautiana, rudisha. Namba ikifanana bado si uthibitisho, kwa hiyo angalia kifuniko kama kimekaa sawa, na pulizo kama linatoa ukungu mwembamba badala ya matone. Bandia nyingi zinafanana na asili mwanzoni, halafu baada ya saa moja hubaki spiriti au utamu tu, bila mti wowote.

Ukiweza, nunua ya 50 ml. Pulizo moja ni karibu 0.1 ml, kwa hiyo mapulizo 3 kwa siku yatamfikisha miezi mitano. Aiweke kabatini ndani ya boksi lake, asiiache kwenye gari juani: mwanga na joto huharibu kwanza yale malimau ya juu, na chupa huanza kutoa ukali wa siki.