Mbolea ya ruzuku: usingoje mvua ndipo ukaulizie jina lako

Machi 2023 nilipanga foleni ya mbolea ya ruzuku, ile ambayo serikali huipunguzia bei, Kitale tangu saa kumi na mbili alfajiri. Zamu yangu ilipofika, karani aliingiza nambari ya kitambulisho changu. Jina lipo, ekari tatu zipo. Ujumbe wa simu wa kuchukulia mifuko yangu ulikuwa umeshatumwa, ila kwa laini ya kijana wangu, kwa maana wiki ya kujiandikisha simu yangu ilikuwa mbovu nikatoa nambari yake. Yeye alikuwa kazini Mombasa. Aliusoma akadhani ni wa matapeli, akaufuta.

Wiki hiyohiyo mvua ikafungua. Sikuwa na muda wa kurudi kurekebisha, kwa hiyo nilinunua mifuko mitatu dukani kwa zaidi ya shilingi 6,000 kila mmoja, ilhali wenzangu wa ruzuku walilipa 3,500. Tofauti hiyo ndiyo niliyokuwa nimeweka ya vibarua wa palizi.

Ndiyo maana nawasihi: kazi ya ruzuku ni ya Januari, shamba likiwa bado kavu. Nenda kwa chifu au naibu wake, uombe kuonyeshwa ulivyoandikishwa. Tazama nambari ya kitambulisho tarakimu kwa tarakimu. Hakikisha laini ni yako, inayokaa mfukoni mwako. Kisha ekari: kama mwaka huu umekodi shamba la jirani, au umeacha ulilokodi mwaka jana, sema. Mama mjane anayelima shamba ambalo hati yake ingali na jina la marehemu aende mwenyewe na kitambulisho chake, asimtume shemeji. Nimeona mifuko ya mjane ikiishia kwa shemeji, na hilo liliniuma kuliko hasara yangu.

Madalali nao watakuja. Watakupa pesa kidogo mkononi ili uwaachie mgao wako, hasa Januari hiyo wakati karo inadaiwa. Usikubali. Tangu bei iteremshwe tena hadi 2,500 baadaye mwaka huo wa 2023, si rahisi kupata pembejeo nyingine kwa nafuu kama hiyo, na mahindi yaliyopandwa bila mbolea utayajua mapema: membamba, majani yana rangi ya zambarau pembeni.

Ukipokea mifuko, usikimbilie kuipakia. Mwaka 2024 ilibainika kwamba mbolea isiyofikia viwango ilikuwa imeuzwa ndani ya mpango huu, na serikali ikaahidi kuwafidia waliouziwa. Tangu hapo mimi naangalia mshono wa mfuko kama umefumuliwa na kushonwa upya, nasoma maandishi yote, na nikifika nyumbani naweka konzi moja kwenye chupa yenye kifuniko, pamoja na risiti. Chupa hukaa juu ya kabati mpaka nivune. Mbolea ikikusaliti, utakuwa na cha kuonyesha.

Jambo la mwisho ndilo nililochelewa zaidi kulielewa. Bei ya chini hutufanya tuchukue DAP, mbolea ya kupandia yenye nitrojeni na fosforasi, kila msimu kwa sababu ndiyo tuliyoizoea, na udongo mwingi wa huku Trans Nzoia tayari una asidi. DAP ikirudiwa miaka na miaka huzidisha asidi hiyo, na udongo wa namna hiyo hushika fosforasi isifike kwenye mizizi. Unalipia mbolea ambayo mahindi hayaili. Pima udongo kabla ya kuchagua, umuulize afisa wa kilimo kama NPK, yenye nitrojeni, fosforasi na potasiamu, inakufaa zaidi, na kama unahitaji chokaa ya kupunguza asidi.

Mimi nilipima. Nikatia chokaa ekari moja tu, kwa kuwa pesa ilitosha hiyo, nikapanda zote siku moja kwa mbolea ileile. Mahindi yalipofika magotini, mpaka wa chokaa ulionekana hata ukiwa barabarani.